Watawa wa ndani: Maisha ya sala yasiyovuka ukuta wa monasteri

MKAZI wa Kitale au Bungoma akitajiwa neno sista, huwaza mwanamke mwenye kitambaa kichwani akiwapima wagonjwa katika zahanati ya misheni, akifundisha hisabati katika shule ya wasichana au akishuka kwenye matatu na mkoba wa vitabu.

Hao ndio watawa ambao vizazi kadhaa vya magharibi mwa Kenya vimewafahamu. Wanaonekana, wanasalimiwa njiani na kazi yao inapimika kwa idadi ya wagonjwa waliopona na wanafunzi waliofaulu mtihani.

Hata hivyo, Kanisa Katoliki lina watawa wa aina nyingine ambao hawaendi zahanati wala shuleni. Hawa huingia monasteri, mlango ukafungwa nyuma yao, na wengi wao huishi, huzeeka na kuzikwa humo humo. Waumini huwaita watawa wa ndani, au watawa wa maisha ya taamuli, yaani wale ambao kazi yao ya kwanza ni kusali na kulitafakari Neno la Mungu.

Binti anapomaliza kidato cha nne na kuwaambia wazazi wake kwamba anataka kuwa mtawa, wengi hufurahi. Akiongeza kwamba anataka monasteri ya ndani, furaha huchanganyika na hofu. Je, tutamwona tena? Je, atakuja kunizika? Kwani ametenda kosa gani hadi afungiwe?

Maswali hayo ni ya haki, na majibu yake hayapatikani kwa urahisi kwa kuwa wahusika wenyewe hawaonekani barabarani wakayajibu.

MIZIZI YAKE NI AFRIKA

Wako wanaodhani kwamba maisha haya ni desturi ya Kizungu iliyoletwa na meli za wamishenari. Historia inasema vingine. Utawa wa upweke na kimya ulichipuka katika jangwa la Misri kati ya karne ya tatu na ya nne, zaidi ya miaka 1,500 kabla ya misheni za kwanza kufunguliwa magharibi mwa Kenya.

Antoni wa Misri, aliyefariki mwaka 356, anahesabiwa kuwa baba wa wamonaki. Kabla ya kuelekea jangwani alimkabidhi dada yake kwa jumuiya ya mabikira. Hii ni ishara kwamba wanawake walikuwa tayari wakiishi pamoja kwa ajili ya sala.

Baada yake Pakomi, Mmisri mwingine, alianzisha monasteri ambamo watu waliishi chini ya kanuni moja, na dada yake akawa msimamizi wa monasteri ya wanawake. Naye Agostino, askofu wa Hippo katika nchi inayoitwa Algeria leo, aliwaandikia watawa wa kike barua yenye miongozo ambayo mashirika mengi yanaifuata hadi sasa.

Ulaya ilipokea mbegu hiyo na kuikuza. Benedikto wa Nursia aliandika kanuni yake katika karne ya sita, akigawa siku kati ya sala, kazi na usomaji. Mwaka 1212 Klara wa Assisi aliacha nyumba ya kitajiri akamfuata Fransisko katika ufukara. Kanuni aliyoandika iliidhinishwa na Papa Inosenti wa Nne siku mbili tu kabla ya kifo chake mnamo Agosti 1253. Mwaka 1562 Teresa wa Avila alifungua nyumba ndogo nchini Hispania na kuanzisha mageuzi ya Wakarmeli.

Katika Afrika Mashariki, Nairobi ina watawa wa ndani wa Karmeli na wa Kidominiko. Nchini Uganda, watawa wa kike wa Kitrapisti wana monasteri huko Butende, karibu na Masaka. Wamonaki wa kiume wa shirika hilo hilo waliishi Kipkelion, Kericho, kwa takriban nusu karne. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliwafanya wahamie Uganda. Ukuta wa monasteri, basi, hauwakingi waliomo dhidi ya masaibu ya nchi.

UGO NI NINI?

Sehemu ya monasteri iliyotengwa kwa ajili ya watawa peke yao huitwa ugo. Mgeni haingii humo bila ruhusa, na mtawa hatoki humo bila sababu. Papa Bonifasi wa Nane aliamuru mwaka 1298 kwamba watawa wote wa kike waishi ndani ya ugo. Mtaguso wa Trento ulikariri amri hiyo mwaka 1563.

Mtaguso huo huo ulitoa pia onyo ambalo ni wachache wanaolikumbuka. Yeyote anayemlazimisha mwanamke kuingia monasteri, au anayemzuia bila sababu ya haki anapotaka kuingia kwa hiari, alitangazwa kutengwa na Kanisa. Kwa maneno mengine, ukuta una maana pale tu ambapo aliye ndani yake amejichagulia.

Siku hizi ugo si wa namna moja. Hati ya Papa Fransisko ya mwaka 2016, Vultum Dei Quaerere, inataja namna nne, na ulio mkali kuliko zote ni ugo wa Kipapa. Katika baadhi ya nyumba, jamaa huzungumza na mtawa kupitia wavu wa mbao au chuma. Katika nyingine wavu uliondolewa, na wanakaa kwenye meza moja katika chumba cha wageni.

Je, mtawa akiugua? Hutoka kwenda hospitalini. Hati ya Vatikani ya mwaka 1999 ilitaja afya, utunzaji wa watawa wagonjwa, haki za kiraia na mahitaji ya lazima ya monasteri kuwa miongoni mwa sababu za kutoka. Mwongozo wa mwaka 2018, Cor Orans, uliwapa wakuu wa monasteri wenyewe mamlaka zaidi ya kuamua ruhusa hizo.

SIKU MOJA MONASTERINI

Ratiba hutofautiana kati ya nyumba na nyumba, lakini mpangilio hufanana. Kengele hulia kabla ya mapambazuko, na neno la kwanza kutoka kinywani ni la sala.

Mhimili wa siku ni Liturujia ya Vipindi, sala rasmi ya Kanisa inayojengwa juu ya Zaburi. Kuna kipindi cha masomo, Masifu ya Asubuhi, sala fupi za mchana, Masifu ya Jioni na sala kabla ya kulala. Benedikto alitaka Zaburi zote 150 zisaliwe kila wiki, na baadhi ya nyumba bado zinafanya hivyo.

Misa huadhimishwa kila siku pale padri anapopatikana. Kuna saa ya kusoma Maandiko Matakatifu polepole, sentensi moja ikitafunwa hadi igeuke kuwa sala. Wakarmeli wanaofuata mageuzi ya Teresa hutenga pia saa mbili kila siku za sala ya kimya, asubuhi na jioni. Katika nyumba nyingine watawa hupokezana mbele ya Sakramenti Takatifu.

Kati ya vipindi hivyo kuna kazi. Watawa wa ndani hawaishi kwa sadaka pekee. Wengi huoka hostia za Misa, hushona mavazi ya padri, hutengeneza mishumaa, hulima bustani, hufuga kuku na ng'ombe au hupokea wageni wanaokuja kwa mafungo. Mkulima wa Trans Nzoia anayeamka alfajiri kukamua angewaelewa upesi.

Chakula huliwa kimya huku mmoja akisoma kitabu kwa sauti. Kisha huja muda wa maburudisho, ambapo watawa huzungumza, hucheka na kufuma. Anayedhani monasteri ni mahali pa nyuso za huzuni hajasikia kicheko cha saa hiyo.

KIMYA CHENYE KAZI

Wahenga walisema kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Kwa mtawa wa ndani, kimya ni chombo cha kazi jinsi jembe lilivyo kwa mkulima.

Kwanza, kimya humfunulia mtu yaliyomo moyoni mwake. Palipo na redio, simu na mazungumzo, hasira na wivu hujificha. Vikinyamaza, vyote hujitokeza. Teresa wa Avila aliwaonya wafuasi wake kwamba safari ya ndani huanza na kujitambua, na kujitambua hakupendezi daima.

Pili, monasteri ni nyumba ya watu wachache wanaoishi pamoja hadi kufa. Mtawa asiyepatana na jirani yake kanisani atakutana naye tena mezani, bustanini na ngazini, leo na mwaka kesho. Hawezi kuomba uhamisho kama mwalimu wa shule. Wenye uzoefu wa maisha haya husema kwamba mtihani mkubwa kuliko ukuta ni kumpenda mtu yule yule kila siku.

Utengano wenye lengo si jambo geni kwa watu wa Bungoma. Katika mila ya Wabukusu, kijana aliyetahiriwa mwezi wa Agosti wa mwaka unaogawika kwa mbili hutengwa katika likombe, akatunzwa na kufundishwa hadi sherehe ya kutoka mwishoni mwa mwaka. Hakuna anayesema kijana huyo amefungwa gerezani. Inaeleweka kwamba anatengenezwa.

Tofauti ni kwamba kijana hutoka likombe akarudi kijijini. Mtawa wa ndani hubaki. Hapo ndipo swali gumu linapozaliwa.

KWA NINI ASIHUDUMU HOSPITALINI?

Lawama inayotolewa mara nyingi ni kwamba nchi yenye uhaba wa wauguzi na walimu haiwezi kumudu anasa ya wanawake wenye afya kukaa wakisali. Lawama hiyo hutolewa hata na Wakatoliki wenyewe.

Jibu la Kanisa lina sehemu mbili. Ya kwanza ni kwamba Mungu anastahili kusifiwa kwa ajili yake mwenyewe, wala si kwa faida inayopatikana. Katika Injili ya Luka, Martha alilalamika kwamba dada yake ameketi miguuni pa Yesu huku yeye akihangaika na kazi za nyumbani. Yesu hakumkemea Mariamu.

Ya pili ni kwamba sala ni huduma kwa wengine. Kitabu cha Kutoka kinasimulia jinsi Musa alivyoinua mikono juu ya kilima wakati Waisraeli wakipigana bondeni. Mikono ilipochoka, Haruni na Huri waliishikilia. Watawa wa ndani hujiona katika mfano huo: wao si jeshi la bondeni, bali ni wale wanaoshikilia mikono.

Mfano unaotajwa zaidi ni wa Teresa wa Mtoto Yesu, Mkarmeli wa Lisieux, Ufaransa. Aliingia monasteri mwaka 1888 akiwa na umri wa miaka 15 na kufariki mwaka 1897 akiwa na miaka 24. Hakuwahi kwenda misheni. Hata hivyo, aliandikiana barua na vijana wawili wamishenari, mmoja wao Maurice Bellière wa shirika la Mapadri Weupe, ambaye baadaye alitumwa Nyasa, nchi iitwayo Malawi leo. Mwaka 1927 Papa Pio wa 11 alimtangaza kuwa msimamizi wa misheni pamoja na Fransisko Ksaveri, aliyesafiri hadi India na Japani.

Papa huyo huyo alikuwa amewahimiza maaskofu wa nchi za misheni, katika barua yake ya mwaka 1926, wafungue nyumba za watawa wa taamuli. Mtaguso wa Pili wa Vatikani ulirudia wito huo mwaka 1965 kwa ajili ya makanisa machanga.

Makanisa ya Bungoma na Kitale yamo katika kundi hilo. Jimbo la Bungoma lilimegwa kutoka Kakamega mwaka 1987, na la Kitale kutoka Eldoret mwaka 1998. Hoja ya maaskofu wa Mtaguso ilikuwa kwamba Kanisa lenye shule na zahanati pekee, bila mahali pa sala isiyokoma, halijakamilika.

Kwa wakazi wa mlima Elgon waliopitia mapigano ya 2006 hadi 2008, na kwa waliofurushwa makwao Trans Nzoia baada ya uchaguzi wa 2007, kuombewa na mtu wasiyemjua si jambo dogo. Kwa asiyeamini, hoja hii haitatosha. Kwa anayeamini, ndiyo msingi wa yote.

SAFARI YA MIAKA TISA

Wazazi wengi hudhani kwamba binti akiingia leo, kesho amekwisha kufungwa kwa kiapo. Sivyo. Sheria za Kanisa zimeiweka njia hii kuwa ndefu kwa makusudi.

Kwa mujibu wa Cor Orans, binti huanza na uaspiranti usiopungua mwaka mmoja, kisha upostulanti usiopungua mwaka mmoja, halafu unovisi wa miaka miwili. Ndipo huweka nadhiri za muda, zinazodumu kwa miaka isiyopungua mitano kabla ya zile za daima. Jumla ni miaka tisa kwa uchache, na haipaswi kuzidi 12.

Sheria hairuhusu mtu kuanza unovisi kabla ya kutimiza miaka 17, wala kuweka nadhiri za daima kabla ya miaka 21. Nadhiri iliyowekwa kwa nguvu, kwa vitisho au kwa udanganyifu ni batili.

Katika miaka hiyo mlango uko wazi. Mnovisi anaweza kuondoka wakati wowote. Aliye na nadhiri za muda anaweza kuondoka zinapokwisha, na hana deni wala aibu mbele ya sheria. Mzazi anayempokea binti aliyerudi kwa maneno ya dhihaka hutenda kinyume na nia ya Kanisa lenyewe.

GHARAMA KWA JAMAA

Haifai kuficha kwamba maisha haya yana gharama, na kwamba jamaa nao huilipa.

Katika jamii za Waluhya, mtoto hupewa jina la babu au bibi ili ukoo uendelee kuitwa. Binti asiyezaa huacha majina fulani bila mwenye kuyabeba. Mama anayelia kwa sababu hiyo haonyeshi upungufu wa imani. Analia kama mzazi.

Gharama nyingine ni matanga. Katika desturi ya zamani ya nyumba nyingi, mtawa wa ndani hakutoka hata kumzika mzazi wake. Siku hizi jambo hilo hutegemea katiba ya shirika na uamuzi wa mkuu wa monasteri, na nyumba kadhaa huruhusu. Lakini hakuna uhakika wa jumla. Ni vyema familia iulize mapema kuliko kugundua siku ya msiba, ndugu wote wamekusanyika na kiti kimoja kiko tupu.

Mtawa mwenyewe kwa kawaida huzikwa katika makaburi ya monasteri. Mahali pa kumzika binti asiyeolewa ni suala zito katika jamii nyingi za magharibi, na wazee wa ukoo hawana budi kulielewa hili tangu mwanzo.

Kisha kuna mali. Katiba ya Kenya ya 2010 inampa binti haki sawa na kaka yake, na Trans Nzoia ni mahali ambapo ekari moja inaweza kugawa ukoo. Sheria ya Kanisa inamtaka mtawa aandike wosia unaotambulika kisheria kabla ya nadhiri za daima. Anayeweka nadhiri kuu huiachilia mali yake kabisa. Hilo lizungumzwe mezani, mbele ya wazazi na ndugu.

WANAOPELEKWA NG'AMBO

Monasteri nyingi za Hispania na Italia zimebaki na watawa wachache, wengi wao wakongwe. Wasichana kutoka Afrika na Asia, Wakenya wakiwemo, wamejiunga na baadhi ya nyumba hizo. Wako waliopata huko walichokitafuta, na wakawa viongozi wa jumuiya zao.

Lakini Papa Fransisko aliona hatari. Hati yake ya 2016 inasema waziwazi kwamba kuwatafuta wasichana kutoka nchi nyingine kwa lengo la kuinusuru monasteri tu ni jambo la kuepukwa kabisa. Mwaka 2018 ikabainishwa zaidi kwamba monasteri ambayo watawa wake wenye nadhiri kuu wamebaki watano hupoteza haki ya kujichagulia mkuu. Hivyo basi, nyumba inayodhoofika inaweza kuwa na kishawishi cha kuwaona wageni kama nguzo za kuegemeza paa.

Msichana wa miaka 19 kutoka Kimilili au Endebess anayepanda ndege kwenda kuishi katika lugha asiyoijua, mbali na jamaa, hana uhuru sawa na yule aliye saa chache kutoka nyumbani. Akitaka kuondoka, ataondoka na nauli ya nani?

MASWALI YA KUULIZA

Kabla ya binti kuingia, mzazi na paroko wake wanafaa kuuliza mambo yafuatayo bila haya:

- Je, monasteri inatambuliwa na askofu wa jimbo ilimo, na ni ya shirika gani?

- Watawa wangapi wana nadhiri za daima, na nani anasimamia malezi ya wapya?

- Jamaa wanaruhusiwa kumtembelea mara ngapi kwa mwaka, na barua na simu zinatumikaje?

- Nini hufanyika mzazi akiugua sana au akifariki?

- Binti akiamua kurudi, nani hulipa usafiri wake, na vyeti vyake vya shule vinawekwa wapi?

- Je, anaweza kwanza kukaa humo kwa majuma machache kama mgeni, ayaone maisha yalivyo?

Monasteri yenye afya haikasirishwi na maswali haya. Mama mkuu mwenye busara huuliza magumu zaidi: je, binti anamkimbia mchumba, umaskini au ugomvi wa nyumbani? Anayekimbia kitu kwa kawaida hukikuta ndani, kwa sababu kimya hakimruhusu mtu kujificha.

Kila tarehe 21 Novemba, sikukuu ya Bikira Maria kutolewa hekaluni, Kanisa huwakumbuka watawa wa ndani duniani kote na kuwahimiza waumini wawategemeze kwa sala na kwa mali. Kwa familia yenye binti aliyeingia, siku hiyo ni nafasi ya kuandika barua, kupeleka gunia la mahindi, au kuketi naye saa moja katika chumba cha wageni.

Mzazi anayefika hapo hatamkuta mfungwa. Ikiwa njia ilifuatwa ipasavyo, atamkuta mwanamke aliyepewa miaka tisa ya kusema hapana, na ambaye kila mara alisema ndiyo.